Siku ya Magarimoshi Bustanini kwa Amyn

Dixon Road, Etobicoke,
Toronto, Kanada.
29 Septemba, 2024

Mpendwa wifi yangu, Dada Ruqayyah,

Salaam alaykum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba magoti yamepunguza maudhi sasa baridi ya Dodoma imekwisha. Haider ameshaitengeneza ile ngazi ya uani, au bado anasema kesho? Na Sabreen na ujauzito wake wanaendeleaje? Hapa tunawataja kila siku. Mimi nikisikia harufu ya vitunguu vinakaangwa kwenye korido ya jengo letu, roho yangu yote iko jikoni kwako.

Sisi huku tupo, alhamdulillahi. Zara na mumewe wako North York, kazi zimewabana, lakini Jumapili haiwapiti bila kuja kutuona. Majani ya miti yameanza kuwa mekundu na jioni tunafunga madirisha. Majlisi za Arubaini zilikwenda vizuri. Safari hii tulipika pamoja, wanawake wa Tanga na sisi wa bara, na hakuna aliyegombana na mwenzake juu ya chumvi.

Sasa wifi, kuna jambo. Husein anajua kwamba nakuandikia, tena ndiye aliyeniambia nikuandikie. Alisema, "Mwandikie yote. Mimi kwa simu siwezi. Dada atalia, na mimi nitalia, halafu hakuna atakayesikia kitu." Kwa hiyo kaa kitako kwanza, mwite Sabreen akae karibu nawe, ndipo uendelee kusoma.

Ndugu yako haoni, Dada Ruqayyah.

Si kwamba haoni kabisa. Ana presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia linaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na pembeni hakuna kitu. Daktari ametueleza wazi kwamba kilichopotea hakirudi. Matone anayotia asubuhi na jioni ni ya kulinda hicho kidogo kilichobaki, na hakuna anayeweza kutuambia kitabaki mpaka lini.

Utaniuliza ni tangu lini. Ni miaka sasa. Unakumbuka sikukuu ya Idi ulipompigia kwa video, ukamuuliza mbona anaangalia dari wakati unaongea naye, akakujibu simu yake ni mbovu? Simu ilikuwa nzima. Alikuwa anautafuta uso wako. Aliniapisha nisimwambie mtu, wewe hasa, kwa sababu anasema ulimlea baada ya mama yenu kufariki na hakutaka uanze kumlea tena akiwa mzee wa mvi. Nikanyamaza kwa kuheshimu neno lake, ingawa kila ulipouliza habari zake nilikuwa nakujibu mzima, kisha natafuta sababu ya kukata simu.

Nyumbani alijua kila kitu kilipo, kwa hiyo mgeni asingetambua. Akimimina chai, alikuwa anatumbukiza kidole kwenye kikombe ajue imefika wapi. Siku moja tukiwa dukani alitoa salamu nzuri sana, mkono kifuani, kwa sanamu iliyovalishwa gauni. Nilicheka wifi, sikuweza kujizuia. Kisha nikauona uso wake. Akasema, "Nilikuwa natania."

Lakini yaliyonifanya nishike kalamu ni mambo ya Jumamosi iliyopita, kwenye mkutano wa magarimoshi.

Unamjua Husein kuliko mimi. Wewe ndiye uliyekuwa ukimfuata stesheni ya Manyoni alipotoroka madrasa kwenda kuangalia treni zikitiwa maji. Alipostaafu kwenye ile ofisi ya bima, wenzake walinunua viti vya kukandwa mgongo. Yeye alinunua kichwa cha treni. Kina urefu wa mkono wangu, cha shaba na chuma, rangi ya kijani, na si cha umeme. Ni cha mvuke wa kweli. Unakitia maji na mafuta, unawasha gesi chini ya boila, unasubiri maji yachemke na mshale wa presha upande, kisha kinaondoka kwenye reli chenyewe kikihema, na kinapiga firimbi kama mkubwa wake. Mimi nilikiita mke mwenzangu. Marafiki zangu wa msikitini wakawa wananiuliza, "Sughra, mke mwenzio hajambo?" Nawajibu, "Hajambo, ameogeshwa mafuta leo."

Huku wako watu wengi wenye ugonjwa huo wa treni. Wana chama chao, na kila baada ya majuma kadhaa wanakutana kwa Amyn, Mwismaili mmoja wa Mwanza mwenye duka la dawa, ambaye ana nyumba yenye bustani hapa hapa Etobicoke. Bustani nzima ameizungushia reli juu ya nguzo za mbao, kimo cha kiuno, ili wazee wasiiname. Inapita nyuma ya nyanya, inavuka daraja juu ya kidimbwi cha samaki, inaingia kwenye handaki chini ya waridi, inatokea tena mezani kwa watu. Aliyekuwa akifuatana na Husein huko ni Eustache, Mkongomani wa Kalemie anayekaa chini yetu kwenye jengo hili hili na anayesafisha ndege pale uwanjani. Walijuana kwenye lifti. Eustache hana kichwa cha treni chake mwenyewe. Alikuwa anakwenda kubeba sanduku la Husein na kutazama, na nadhani kupumzika na kelele za nyumbani kwake.

Basi mwezi wa tano Husein alirudi kutoka huko na mkono umefungwa kitambaa. Gesi ilimwagika alipokuwa akijaza, ikashika moto. Haikuwa ajali kubwa, lakini ngozi ilibabuka. Zara akasikia. Yule mtoto akikasirika Kiswahili chote humpotea, akasema kwa Kiingereza kwamba baba yake ataungua na nyumba na sisi ndani yake, na kwamba kile kitu kiuzwe. Usimlaumu. Hofu ndiyo iliyosema. Husein hakubishana naye. Alikifuta kichwa cha treni, akakifunga kwenye sanduku, akakiweka juu ya kabati, na kiangazi chote hakukigusa. Akawa anakaa. Wifi, mimi nimewahi kumuona akiwa na homa, nimemuona siku aliyopoteza kazi, lakini sikuwahi kumuona akikaa tu.

Mwezi huu ulipoanza akaniambia, "Kuna mkutano kwa Amyn, mkubwa wa mwisho kabla ya baridi. Nitampa Eustache kile kichwa cha treni. Kisha basi." Nikamuuliza atawaambia nini wenzake. Akasema atawaambia amechoka. Akaniomba nifuatane naye, jambo ambalo hakuwahi kuliomba, kwa sababu Eustache angetokea kazini moja kwa moja na yeye peke yake asingeipata nyumba.

Tulikuta watu wamejaa, wengi wao wazee wa Kizungu waliovaa aproni kama mafundi. Mvuke ulikuwa umetanda juu ya nyanya, na harufu ya mafuta ya moto ilikuwa kila mahali. Shahnaz, mke wa Amyn, alikuwa amekaanga mihogo na kusaga pilipili ya ndimu, na wale wazee waliila huku machozi yakiwatoka na kuomba tena. Treni zilipishana, moja ikipiga firimbi, nyingine ikijibu. Nasema kweli, nilipendezwa. Miaka yote hiyo nilidhani ni mchezo wa watoto, kumbe ni kama kupika. Usipokuwa na subira, hakuna kitu.

Nikaanza kuona mambo. Kila aliyemjia Husein alijitaja jina kabla ya kumshika mkono, hata Amyn, ambaye sauti yake haisahauliki. Mzee mmoja wa Kizungu alisogeza ndoo iliyokuwa njiani bila kusema neno. Mwingine alimsogezea kikombe mpaka kikagusa vidole vyake, akaendelea na hadithi yake kama kwamba hakufanya lolote. Nikajisemea, hawa wanajua. Husein yeye alikuwa anatabasamu, kichwa juu, anajibu salamu.

Eustache alipofika, bado na sare ya kazini, Husein akaliweka sanduku mezani. Akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Nimechoka na mambo haya. Eustache ndugu yangu, hiki ni chako kuanzia leo."

Eustache akakiangalia kile kichwa cha treni, akamwangalia Husein. Yule mtu hana hila hata kidogo. Akasema, "Mzee, ni juu ya macho?"

Watu wakageuka. Hata waliokuwa hawajui Kiswahili waligeuka.

"Macho gani?" Husein akauliza.

"Macho yako, Mzee. Siye tulijua zamani. Haiko kitu ya kuficha."

Husein akageuka upande wangu, yaani upande aliodhani nipo. Nilikuwa nimesimama upande mwingine. Akaiambia hewa, "Sughra, umenivua nguo mbele za watu."

Amyn akawahi kusema, "Husein, Sughra hajatuambia kitu. Tumejua tangu mwaka juzi. Ni sisi wenyewe tulioona."

"Mwaka juzi?" akasema ndugu yako. "Kwa hiyo mwaka mzima na zaidi mmekaa mkinihurumia?" Kisha akaondoka. Akatembea kwa haraka, kama mtu anayejua anakokwenda, akaiacha njia, akaingia kwenye nyanya. Akafika kwenye uzio wa nyuma. Akaupapasa kulia, akaupapasa kushoto. Hakuna mlango kule, wifi. Mlango uko upande wa barabara. Alisimama amewapa watu mgongo, mikono kwenye mbao, suruali yake nzuri imechafuka udongo, na hakugeuka.

Eustache alitaka kumfuata. Nikamzuia kwa mkono, nikaenda mimi.

Nilisimama karibu naye nikamwacha ahisi kwamba ni mimi. Akasema kwa sauti ndogo, "Sughra, mlango uko wapi?"

Miaka yote ya ugonjwa huu hajawahi kuniuliza swali la namna hiyo. Angegonga kabati, angepotea kwenye duka, angekaa na njaa kuliko kuniuliza sahani iko wapi. Nikamwambia, "Uko nyuma yetu, ng'ambo ya watu. Ukitaka twende nyumbani, nitakupeleka sasa hivi."

Akaegemeza paji la uso kwenye mbao. Kisha akasema, "Sioni. Mke wangu, mimi sioni. Naogopa ikifika asubuhi nifumbue macho nikute hata hiki kidogo kimekwenda." Akalia. Nilimfuta kwa ncha ya mtandio wangu, na mimi nikawa nalia, na nyuma yetu treni ya mtu fulani ikaendelea kuzunguka kwa sababu hakuna aliyethubutu kwenda kuizima.

Alipotulia akauliza, "Walikuwa wananicheka?"

Nikamwambia nilichokiona kwa macho yangu. Nikamwambia habari ya ndoo na ya kikombe. Nikamwambia, "Ile chupa ya gesi uliyokuwa ukijisifu kwangu kwamba huku huipotezi kamwe, nadhani walikuwa wanakuwekea mkononi."

Akafikiri. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia tena, kumbe anacheka. "Na mimi nilisema nyumbani wewe ndiye unayenifichia vitu!"

Akanishika mkono, juu ya kiwiko, mbele ya watu wote. Tukarudi hivyo, taratibu, tukipita pembeni mwa zile nyanya alizozikanyaga. Akawaambia kwa Kiingereza kwamba anakaribia kuwa kipofu, kwamba alificha kwa sababu aliona aibu, na kwamba anamwomba Shahnaz msamaha kwa nyanya zake. Mzee mmoja akatoa kifaa kwenye sikio lake, akakiinua juu kionekane, akasema yeye hajasikia firimbi ya treni yake mwenyewe tangu alipoiunda. Watu wakacheka, na mimi nikamwona Husein anavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

Eustache alikuwa bado anakiangalia kile kichwa cha treni bila kukigusa. Akasema, "Mzee, mi nakipokea, kwa heshima. Lakini peke yangu sikiwezi. Miye nitaweka moto, weye njo utaendesha."

"Nitaendeshaje kitu nisichokiona?"

"Kwani masikio yako iko na ugonjwa pia?"

Basi wakaanza. Eustache akatia maji na mafuta, Husein akiuliza na kuelekeza. Gesi alijaza Eustache, na kiberiti, wifi, nilishika mimi. Moto uliposhika chini ya boila ukatoa sauti ya upole, na Husein akasema, "Hapo hapo. Usiguse tena." Tukasubiri. Presha ilipopanda Eustache akamshika mkono akauweka kwenye usukani mdogo wa mvuke, Husein akaufungua taratibu, na kile kichwa cha treni kikatema maji kwanza, kikatikisika, kikaondoka na mabehewa yake.

Ndugu yako alisimama ameinamisha kichwa. "Kiko kwenye nyanya," akasema. "Kinaingia handakini. Kimetoka." Watu wakawa wanaitikia ndiyo, ndiyo. Kikazunguka, kikazunguka. Halafu akasema, "Sasa kiko darajani," na Eustache akajibu, "Hapana Mzee, hakiko darajani. Kimesimama hapa mbele yako, maji imeisha!" Na Husein ndiye aliyecheka kuliko wote.

Nisikudanganye kwamba baada ya hapo kila kitu kimekuwa sawa. Juzi abiria mmoja alimpisha kiti kwenye basi, na Husein akashuka kabla ya kituo chetu kwa hasira, nikalazimika kutembea nyuma yake. Jana amevunja chupa ya chai. Ziko asubuhi anainua kiganja mbele ya uso kupima kama kile kidogo bado kipo. Lakini alimpigia Zara mwenyewe usiku ule ule akamweleza kwamba alikuwa anaogopa, na Zara, aliyezoea baba asiyeogopa kitu, alikuja asubuhi kabla sijaandaa chai, wakakaa wawili tu barazani mwa ghorofa wakiongea. Amekubali fimbo nyeupe. Jumatano ijayo anaanza mafunzo ya kutembea nayo, na Zara amechukua ruhusa kazini ampeleke. Kichwa cha treni kiko kwa Eustache. Husein amesema alichokitoa amekitoa, ila Jumamosi wakienda kwa Amyn wanakwenda wote wawili, na mimi nimeambiwa kazi ya kiberiti ni yangu.

Sasa neno lake kwako. Tunakuja Januari, inshallah. Yeye ndiye aliyesema, wala sikumshauri. Alisema, "Nataka nimwone dada kabla sijashindwa." Tumetafuta ndege inayofika Dodoma mchana, kwa sababu mwanga ukipungua naye hupungukiwa. Kwa hiyo nakuomba wifi, usihangaike na pilau wala kupanga vyumba. Siku hiyo mwambie Haider akutolee kiti nje, ukae mahali jua linapofika. Tukiingia usije pembeni kumkumbatia, maana pembeni hana kitu. Simama mbele yake kabisa, karibu, uuondoe mtandio wako usoni, na usiseme neno kwanza. Mwache akuangalie mpaka atosheke. Ukitaka kulia, lia baadaye, jikoni, na mimi nitakuwa pamoja nawe.

Msalimie sana Haider, na Sabreen umwambie ajitunze, asibebe ndoo. Wape salamu majirani wote wanaotukumbuka. Zara anakubusu mikono. Eustache hakujui, lakini amesema nimwandikie dada yake Mzee kwamba Mzee yuko na watu.

Mwenyezi Mungu akupe nguvu na usingizi mwema baada ya kuyasoma haya, awalinde wote walio chini ya dari yako, na atufikishe salama tuonane uso kwa uso.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye siku zote,

Sughra